Pangaboi likizunguka kivivu msikimbilie kununua jipya

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu wa hapa Dar, maana joto hili la Februari watu wanaliwa hela bure. Pangaboi likianza kuzunguka kivivu, au linaunguruma tu mpaka ulisukume na fimbo ndo liende, fundi anakwambia mota imeungua nunua jipya, wakati mara nyingi ni kapasita tu imechoka, kale kaboksi kadogo kalikojificha kwenye kikombe cha juu karibu na dari, ubavuni kameandikwa namba kama 2.5 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita), unaenda nako duka la vifaa vya umeme wanakupa kenye namba ileile na bei yake wala haikaribii ya pangaboi jipya. Ila usiweke kubwa zaidi eti ndo likimbie, hapo mota utaiunguza kweli.

Na jamani zimeni meni swichi kwanza, sio swichi ya ukutani peke yake, kuna nyumba waya zimegeuzwa umeme unabaki juu. Kapasita nayo inatunza chaji hata ukishazima, usishike ncha za waya zake.

Likiwa linayumba futa vumbi mapanga yote, kaza skrubu, kisha pima na rula toka darini mpaka ncha ya kila panga, lililopinda utaliona. Likikwaruza hiyo ni beringi, hapo sawa mwite fundi. Lakini ile nati na pini inayoshikilia bomba pale juu nawaomba sana mkague, watoto wanalala chini ya hilo dude.

Mpangaji, Mbagala, Dar es Salaam