Dirisha la duka nalo ni kazi ya msanifu majengo

Mhariri,

Kurasa zenu za usanifu majengo nazisoma kila toleo, na nazithamini. Kinachoniuma ni kwamba husubiri mpaka jengo likamilike na utepe ukatwe ndipo ziandike. Kazi ambazo wasanifu huzisimamisha kwa wiki au miezi michache, iwe sanaa ya kusimikwa uwanjani au maonyesho ya dirisha la duka, hazitajwi, na zikitajwa hutupwa kwenye habari za burudani. Naomba zipewe nafasi, maana humo ndimo tunamojaribu yale ambayo jengo halituruhusu kuyajaribu.

Jengo huchukua miaka na hula fedha za mtu mwingine, kwa hiyo msanifu hurudi kwenye vifaa vilivyozoeleka. Tazama kilichofanyika New York mwaka 2014, katika ua wa jumba la sanaa la MoMA PS1. Ofisi ya usanifu ya The Living ilisimamisha Hy-Fi, minara ya mviringo iliyoungana, yenye kimo cha mita 12 hivi. Matofali yake, yapatayo 10,000, hayakuchomwa bali yalioteshwa: mabua ya mahindi yalikatwakatwa, yakatiwa ndani ya kalibu, nyuzi za uyoga zikayashikamanisha. Kazi ilipokwisha, matofali yakageuzwa mboji. Hakuna mwenye kiwanja ambaye angekubali kujengewa nyumba kwa tofali hilo wakati ule, na asingelaumiwa. Lakini minara ilisimama juani na mvuani, watu wakapita ndani yake, na kabla ya hapo wahandisi walilazimika kulipima tofali lenyewe. Maarifa hayo huyapati kwa kuchora.

Dirisha la duka hudharauliwa zaidi, nami nalitetea kwa nguvu zaidi. Ni chumba chenye kina cha hatua moja au mbili tu. Mtazamaji hasimami mbele yake; anapita kando, akili iko kwenye shughuli zake, na una sekunde chache za kumgeuza shingo. Mchana kioo humwonyesha barabara na sura yake mwenyewe, kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku mambo hugeuka. Hapo lazima uamue taa ielekezwe wapi, ukuta wa nyuma uwe na rangi gani, kitu kisogezwe karibu na kioo kiasi gani. Kisha unatoka nje, unavuka barabara, unatazama, unarudi kurekebisha. Msanifu aliyehangaika hivyo hatachora tena ukuta mzima wa vioo akiamini kwamba mchana utaonyesha yaliyo ndani, eti kwa sababu picha ya kompyuta imeonyesha hivyo.

Msanifu majengo Frederick Kiesler hakuiona kazi hii kuwa ya kumshushia hadhi. Mwaka 1928 alipanga madirisha ya duka la Saks Fifth Avenue, New York, akaweka mavazi machache tu na kuacha nafasi kubwa wazi. Mwaka 1930 alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa ya kisasa na maonyesho ya madukani. Ndiye huyo huyo aliyebuni, pamoja na Armand Bartos, jengo la Jerusalem lililofunguliwa mwaka 1965 kuhifadhi Hati za Bahari ya Chumvi, maandiko ya kale ya Kiyahudi. Mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick naye, mwaka 1997, alilipamba duka la Harvey Nichols la London kwa umbo refu la mbao lililochomoza dirishani, likapanda ukutani kwa nje na kuingia dirisha jingine. Mwaka 2010 alisimamisha banda la Uingereza kwenye Maonyesho ya Dunia huko Shanghai, China, lililoota vijiti angavu 60,000, kila kimoja kikiwa na mbegu nchani.

Wapo wanaosema kazi za namna hii ni taka za kesho na matangazo ya biashara. Kuhusu taka wana haki, na kuna jambo jingine linalonikera zaidi: vijana wengi huzifanya bila malipo, wakiahidiwa kwamba watajulikana. Ndiyo maana nataka ziandikwe na wahakiki wenu wa usanifu, kwa ukali ule ule wanaoutumia kwa majengo. Waulize vifaa vilikwenda wapi baada ya kubomolewa, nani alilipwa na nani hakulipwa, na msanifu alijifunza nini ambacho tutakiona katika jengo lake lijalo.

Msomaji wenu,
Msanifu majengo