Kabla ya kumsingizia marehemu pombe, ulizeni ukoo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno kwenye makala yenu ya afya kuhusu mafuta kwenye ini. Mwandishi ameeleza vizuri habari za soda, chipsi na kushinda tumekaa, na hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko mwishoni, alipohitimisha kwamba ugonjwa huu mtu hujitakia mwenyewe.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi hapa Tanga, na nawajua watu ambao maneno hayo yatawachoma. Anakuwepo mzee wa msikitini, mwembamba, hajawahi kuonja pombe. Macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji, anafariki. Hitma haijasomwa, mtaani minong'ono imeshaanza: kumbe alikuwa anakunywa kwa siri! Wengine watasema katupiwa kitu. Watoto wanabaki na aibu isiyo yao, na hakuna anayewaambia neno moja lenye faida, kwamba na wao wakapimwe.

Ni kweli kwamba kwetu wengi wanaokufa hivyo wana homa ya ini B, na hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza, kwa mgonjwa na kwa watoto. Lakini mgonjwa akipimwa hana B wala C, na pombe hatumii, bado tunaendelea kumuuliza maswali yaleyale. Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: nani mwingine kwenu aliugua ini?

Na ndilo lenye uzito. Mwaka 2015 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kuwapima mapacha, wale wa yai moja na wale wa mayai mawili, wakakuta karibu nusu ya tofauti ya mafuta ya ini kati ya mtu na mtu inaelezwa na urithi. Miaka miwili baadaye wakatazama ndugu wa karibu wa wagonjwa ambao ini lilikuwa limeshakakamaa kwa makovu kutokana na mafuta. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja walikuwa na hatari ya makovu makubwa takriban mara 12 kuliko watu wengine. Mara 12, Mhariri. Katika vitu vyote tunavyomwandikia mgonjwa kwenye faili, ni vichache vyenye nguvu kama hiyo, na hiki hakigharimu hata shilingi.

Jeni, yaani maelekezo ya urithi tunayopokea kwa wazazi, inayotajwa zaidi inaitwa PNPLA3, ipo kwenye kromosomu ya 22. Mwaka 2008 timu ya Helen Hobbs na Jonathan Cohen huko Dallas, jimbo la Texas, Marekani, iligundua umbo lake moja ambalo limebadilika mahali padogo sana: kwenye nafasi ya 148 ya protini, asidi amino moja (tofali la kujengea protini) imekaa mahali pa nyingine. Waliorithi umbo hilo kwa baba na kwa mama walikuwa na mafuta kwenye ini zaidi ya mara mbili ya wasiokuwa nalo. Protini hii hukaa juu ya matone ya mafuta ndani ya seli za ini. Ile ya kawaida huvunjwa na kuondolewa baada ya muda. Iliyobadilika haiondoki. Inarundikana juu ya tone, na inakishikilia kisaidizi ambacho kimeng'enya kingine (protini inayochochea kazi mwilini) kinakihitaji ili kiyayeyushe mafuta. Ni kama kuli aliyekalia gunia: yeye hapakui, na mwenzake hampishi.

Dallas kulikuwa na jambo jingine, na hili naomba wasomaji wasilichukue vibaya. Katika kila nakala 100 za jeni hiyo, umbo baya lilikuwa kama 49 kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 23 kwa Wazungu na 17 kwa Wamarekani Weusi. Hii ilisaidia kueleza kwa nini Wamarekani Weusi, pamoja na unene na kisukari walivyo navyo, walikuwa na mafuta machache kwenye ini. Tena kuna umbo jingine la jeni hiyohiyo, linaloonekana zaidi kwao, ambalo huenda sambamba na mafuta machache. Nimeshawasikia watu, hata wenye koti jeupe, wakilitafsiri hilo kuwa Mwafrika ana kinga. Hapana. Kumi na saba katika mia si sifuri. Isitoshe, Wamarekani Weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na damu ya Tanga, Mombasa au Unguja imechanganyika kwa karne nyingi na Mwarabu, Mhindi na Mngazija. Watu wenye asili ya India, kwa mfano, hupata mafuta ya ini na kisukari wakiwa na uzito ambao mizani yetu inauita wa kawaida. Mtu wa pwani hawezi kujisomea hatima yake kwenye jedwali la Texas.

Iko pia jeni ya TM6SF2, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi kazini. Kazi yake ni kusaidia ini kusafirisha mafuta kwenda kwenye damu. Ikiwa na kasoro, mafuta yanabaki ndani ya ini, huku damu ikionekana safi. Mtu kama huyo atapima lehemu, ataambiwa iko vizuri sana, na moyo wake kweli utakuwa na nafuu kuliko wa jirani. Ataondoka hospitalini anacheka, kumbe ini ndilo linalolipa. Zipo nyingine, GCKR na MBOAT7, sitazieleza zote. Lakini ni haki kutaja kwamba urithi si wa mabaya tu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba jeni ya HSD17B13, ikiwa katika umbo lililopoteza nguvu, humlinda mwenye nayo asifikie makovu, hata kama mafuta anayo.

Sasa msomaji atasema: basi, kama ni urithi, nikale nini, nikaache nini? Mwandishi wenu labda aliogopa swali hilo, ndiyo maana akaukwepa urithi kabisa. Jibu linatia moyo kuliko alivyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukitumia takwimu za Dallas na za Copenhagen, ulionyesha kwamba unene huikuza nguvu ya PNPLA3. Kwa mwembamba, jeni hiyo huongeza mafuta kidogo. Kwa mwenye kitambi, umbo lilelile huongeza mengi. Na tafiti ndogo zimeona kwamba wenye jeni hiyo, wakipungua uzito, mafuta ya ini huwapungua zaidi ya wenzao. Kwa hiyo mwenye urithi huu ndiye hasa anayefaidika akiacha soda na kupunguza sukari kwenye chai. Kupungua asilimia 5 ya uzito huanza kupunguza mafuta, na kufikia asilimia 10 hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 8. Si rahisi, wala sisemi ni rahisi. Na pombe, kwa mwenye umbo hilo la PNPLA3, humharakishia makovu kuliko mnywaji mwenzake wa meza moja.

Kwa nini basi siwaambii watu wakapime jeni? Kwa sababu matangazo ya vipimo vya DNA yameanza kutufikia kwenye simu, na majibu yake hayatabadilisha ushauri hata mmoja nilioutaja hapo juu. Fedha hiyo inunue samaki na mboga. Unga wa kusafisha ini, ule unaouzwa stendi kwa kipaza sauti, sitaki hata kuujadili. Itoshe kusema kwamba baadhi ya dawa za miti zenyewe huunguza ini.

Anachohitaji mtoto wa yule marehemu ni vitu ambavyo hospitali ya mkoa inavyo tayari: vimeng'enya vya ini viwili, AST na ALT, pamoja na hesabu ya chembe za damu za kugandisha. Hesabu ya kukadiria makovu ni hii: unazidisha umri kwa AST. Unachukua kipeuo cha pili cha ALT (namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa ALT), unakizidisha na idadi ya chembe hizo kwa maelfu, kisha unagawanya kile cha kwanza kwa hiki cha pili. Mtu wa miaka 50 mwenye AST 40, ALT 49 na chembe 250 anapata 1.14. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, aende kwa daktari bingwa bila kusubiri. Akivuka miaka 65, mpaka wa chini unasogezwa hadi 2, kwa kuwa umri peke yake huipandisha hesabu.

Ombi langu kwenu ni mlichapishe hesabu hili kwenye ukurasa wenu wa afya, kwa herufi kubwa. Kwa wenzangu wa maabara, hasa mlio na kompyuta inayotoa majibu, liwekeni lijipige lenyewe na namba ionekane chini ya karatasi. Umri wa mgonjwa mnao na vipimo mmeshavifanya. Madaktari nao, kwenye ile fomu ya historia ya mgonjwa ambapo pombe na sigara vina visanduku vyake, waongeze kisanduku cha tatu: ini katika familia.

Mteknolojia wa maabara,
Tanga