Kwa Otieno: habari ya mfumko wa bei

Kwako Otieno,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa dawati la uchumi. Umeniuliza ufanyeje mwisho wa mwezi, KNBS (Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya) inapotangaza kwamba mfumko wa bei umepungua ilhali utafiti wa maoni ulio mezani pako unasema Wakenya wengi wanaona maisha yakizidi kuwa magumu. Usianze kwa kumtafuta mwongo. Angalia kwanza kila upande umepima nini.

Chukua Oktoba 2024. Mfumko ulikuwa asilimia 2.7, baada ya kufika 9.6 Oktoba 2022. Mhariri anayeweka kichwa "Bei zashuka" juu ya habari hiyo amewapotosha watu, kwa sababu bei ziliendelea kupanda, ila polepole. Piga hesabu ambayo mama mwenye familia huihisi dukani: kwa mwaka ulioishia Oktoba 2022 bei zilipanda asilimia 9.6, uliofuata 6.9, uliofuata tena 2.7. Usizijumlishe, zidisha: 1.096 × 1.069 × 1.027, unapata 1.203. Kapu lililogharimu Sh1,000 Oktoba 2021 lilitaka takriban Sh1,203 Oktoba 2024. Ambaye mshahara wake haujasonga miaka hiyo yote analalamika kwa haki, na takwimu zenyewe ndizo shahidi wake. Hesabu hii iwe katika aya ya pili ya kila habari yako ya mfumko. Inaniuma sana kuiona ikiachwa nje mwezi baada ya mwezi.

Halafu lifungue kapu lenyewe, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hupimwa ili kupata mfumko. Chakula na vinywaji visivyo vileo hubeba karibu asilimia 33 ya uzito wake, na usafiri 9.7. Huo ni wastani wa nchi. Familia maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zake kwa chakula, hivyo unga ukipanda inaumia kupita kile kinachosemwa na takwimu kuu. Nenda kwenye jedwali la bei za bidhaa katika taarifa ya KNBS, uchague chache na uzifuate hizo hizo kila mwezi: unga wa mahindi, sukari, mafuta ya kupikia, gesi, nauli. Linganisha na mwezi uliotangulia, kisha na mwezi kama huo mwaka jana. Nyanya na sukuma wiki usizijengee hoja peke yake. Mvua huzipandisha na kuzishusha.

Kuna mzigo ambao kapu hilo haliuoni kabisa, nao ni makato ya mshahara. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 na SHIF (bima ya afya ya jamii) ya 2.75 si bei za bidhaa, kwa hiyo hazimo. Anayelipwa Sh100,000 alikuwa akikatwa Sh1,700 za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF. Tangu Oktoba 2024 SHIF humkata Sh2,750, na ada ya nyumba, iliyoanza 2023, Sh1,500. Hizo ni Sh2,550 zaidi kila mwezi, na mfumko haukutikisika hata chembe kwa ajili ya makato hayo.

Kwa utafiti wa maoni, dai karatasi ya maswali kabla hujaandika neno. "Uchumi wa nchi unaelekea wapi?" hupima pia mapenzi au hasira kwa serikali, mfuasi wa rais na mpinzani wake hujibu tofauti hata wakinunua duka moja. "Mwezi uliopita, kuna siku ulikosa pesa za chakula?" hupima nyumba ya anayejibu. Tazama pia idadi: watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wana ukingo wa makosa wa takriban alama 3 za asilimia juu au chini, lakini 100 kati yao kutoka eneo moja wana karibu 10. Pwani na Magharibi zikitofautiana kwa alama sita kwa idadi hiyo, hapo hakuna habari.

Wachuuzi watatu wa soko la Gikomba, Nairobi, hawathibitishi hali ya nchi. Waulize walinunua gunia kwa bei gani wiki hii na wiki iliyopita, uandike jibu hilo badala ya "maisha ni magumu".

Wala usiyadharau maoni. Wafanyabiashara wakiamini gharama zitapanda, hupandisha bei mapema, ndiyo maana Benki Kuu hukusanya matarajio yao kabla ya kamati yake kuamua riba.

Nitumie rasimu ya kwanza ikiwa na jedwali, nikuhakikishie hesabu kabla haijaenda kwa mhariri mkuu.

Wako,
Mwangi