Raya, kidonge cha supu nimekitoa jikoni

Assalaam alaykum shoga yangu Raya,

Habari za Wete, habari za watoto, na mguu wa Bi Mkubwa unaendeleaje? Sisi hatujambo, alhamdulillah. Najua toka Mfunguo Tatu sijakuandikia, nisamehe. Sabahi anapanda boti Ijumaa kuja huko Pemba, nikasema nimpe barua hii, maana nna shida na wewe, na nna jambo limenikaa kifuani.

Baba Khamis kapimwa presha, 160 kwa 100. Wiki mbili kichwa kinamuuma, yeye anasema ni jua. Daktari akamwambia apunguze chumvi, na mimi pale pale nikadakia, "Mbona natia kidogo tu!" Daktari hakubishana nami, aliniuliza tu: na mchuzi wako unautia nini tena? Nikanyamaza.

Vidonge vya supu, Raya. Viwili kila chungu. Wali kidonge, maharage kidonge, hata mchicha! Asubuhi soseji, jioni watoto tambi za paketi kwa sababu nimerudi kazini nimechoka. Siku ile niliketi sakafuni nimeyatandaza mapaketi yote, Khamis ananisomea maandishi ya nyuma, madogo kama mbegu za mchicha. Chumvi hawakuandika, wameandika sodiamu. Paketi moja ya tambi, miligramu 900. Nikaona si kitu, hata gramu haijafika. Khamis akasema la, mama, ukitaka chumvi yenyewe zidisha mara mbili na nusu. Ikaja gramu mbili na robo. Na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, ndicho kijiko kimoja cha chai, na humo kimehesabiwa kila alichokula. Nikachota kijiko hicho, nikakimwaga kiganjani, nikakitazama. Karibu nusu yake imo kwenye paketi moja, na mwanangu mdogo alikuwa akila mbili.

Basi tumebadilisha. Sokoni Mwanakwerekwe sasa nashuka na kikapu: majimbi, muhogo, boga, mtoriro, samaki akiwa na bei ya kununulika. Mchuzi nautia thomu, tangawizi, bizari, ndimu, na embe mbichi ikipatikana. Wiki ya kwanza kila mtu alinung'unika, wiki ya tatu Baba Khamis akaniambia samaki changu ana utamu wake, kumbe tulikuwa tunaufunika. Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kinachoniumiza ni maneno ya wifi yangu. Kaja Jumapili, kakuta shelisheli la nazi, kauliza kama tumefilisika. Lini, Raya, tulianza kuona jimbi ni chakula cha mnyonge, na paketi yenye picha ya kuku ndiyo ustaarabu? Mimi mwenyewe niliwahi kuficha sufuria ya muhogo mgeni alipobisha hodi!

Khamis kanieleza jambo walilofundishwa chuoni. Mwaka 2019 Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wiki mbili wakala vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa visivyopitia kiwandani, kila mmoja ale atakavyo. Sukari, mafuta na chumvi vilivyoandaliwa vililinganishwa pande zote mbili. Kwenye vile vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja, na walikuwa wakila kwa haraka zaidi. Nikawakumbuka wangu na biskuti: pakiti imekwisha na bado wanauliza kuna nini. Sahani ya majimbi hawaimalizi.

Lakini nisikudanganye, kazi ipo. Nazi imepanda, na kukuna saa kumi na mbili jioni baada ya daladala mbili si mchezo. Wala cha zamani chote si salama. Papa mkavu na ng'onda nampenda ujuavyo, lakini chumvi yake! Sasa namroweka usiku kucha, namwaga maji, namroweka tena, na namla kwa nadra.

Shida yangu ndiyo hii. Mpe Sabahi makopa, mbaazi kavu, na unga wa mtama kama upo. Na unifundishe mofa, ile mikate ya mtama ya marehemu mama yako. Nakumbuka alivyokuwa akizibandika kwenye tanuri la udongo, mkono unaingia na kutoka, sisi tunangoja nje na sahani. Mimi nna jiko la mkaa tu, sijui nianzie wapi.

Unga alikuwa akiuchachua usiku mmoja au mbili? Ule uchachu ulitokana na nini? Naweza kutumia chungu badala ya tanuri? Na wewe je, presha umepima lini? Usinijibu "mimi mzima", mama yako naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Shemeji bado anakunywa soda kila mchana? Na yule wa duka la chini, mambo yake yaliishaje?

Jibu kwa mkono wa Sabahi, anarudi Jumanne. Nitampokea mwenyewe bandarini Malindi.

Wako,
Zuwena