Kulinda reli hakukuwa kazi nyepesi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani niliisoma yote, hadi maelezo ya chini ya picha. Ila mwandishi wenu alipofika kwa askari weusi wa Kaskazini, alisema wengi wao waliachiwa kazi nyepesi ya kulinda reli huku wenzao wakienda vitani. Hapo chai ilinipoa mkononi.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilikuwa kwenye gengi, kati ya Voi na Mtito Andei. Alfajiri unaitembea njia na nyundo begani, unagonga kabari moja moja na kusikiliza ipi imelegea. Reli haifichiki. Anayetaka kuiharibu huchagua mahali na saa, na wewe mlinzi huna la kuchagua. Njia hii yetu ilitegwa baruti na doria za Wajerumani mwaka 1915, na askari waliolala porini kuilinda sidhani kama waliiona kazi nyepesi.

Turudi Marekani. Mwaka 1864 Jenerali Sherman wa Kaskazini alipokuwa akielekea Atlanta, mji wa Kusini, watu 100,000 na wanyama 35,000 walilishwa kwa njia moja tu ya reli iliyoanzia Louisville. Hesabu aliiacha mwenyewe: mabehewa 160 kila siku, tani 10 kila behewa. Bila reli, alisema, angehitaji magari 36,800 ya kukokotwa na nyumbu sita sita. Ndiyo maana Septemba mwaka huo Jenerali Nathan Bedford Forrest wa Kusini, upande uliopigania utumwa, alivuka Mto Tennessee na wapanda farasi wake, akaiendea reli ya Nashville na Decatur.

Pale Athens, Alabama, palikuwa na boma lenye askari wa Rejimenti za 106, 110 na 111 za askari weusi pamoja na wapanda farasi weupe wa Tennessee. Wengi wa hao weusi walikuwa juzi tu watumwa katika mashamba ya maeneo yale yale. Kamanda alikuwa Kanali Wallace Campbell, mzungu, kama ilivyokuwa desturi.

Tarehe 24 Septemba Forrest alituma bendera nyeupe ya mazungumzo, akimtaka Campbell asalimu amri, kisha akamkaribisha azunguke kulihesabu jeshi lake. Campbell akazunguka. Wapanda farasi wa Forrest walishuka wakajipanga kama askari wa miguu, na kanali alipowapita wakapanda farasi upesi na kumtangulia mbele, ahesabiwe mtu yule yule mara ya pili. Forrest alikuwa na watu 4,000 na kitu. Campbell alirudi bomani akiamini ameona 8,000, pengine 10,000, akasalimu amri. Mchezo wa karata tatu wa stendi, sema huu ulichezwa na jenerali.

Maafisa wa Campbell baadaye walitia saini taarifa ya kumlaumu. Walisema askari hawakuamini walipoambiwa wametekwa. Walilia, wakataka vita viendelee, wakaona heri wafe katika boma walilolijenga wenyewe kuliko kukabidhiwa kwa Forrest. Na walikuwa na sababu, kwa kuwa miezi mitano tu nyuma watu wa Forrest waliwaua askari weusi waliokuwa wakijisalimisha katika ngome ya Fort Pillow.

Kinachouma zaidi ni kwamba msaada ulikuwa njiani. Askari wa rejimenti za Michigan ya 18 na Ohio ya 102 walitoka Decatur kwa treni, wakashuka na kupigana mguu kwa mguu hadi boma likaonekana. Kumbe limeshatolewa. Nao wakatekwa, na Luteni Kanali Elliott aliyewaongoza akafa kwa majeraha yake.

Kesho yake ikawa zamu ya Sulphur Branch, daraja la magogo lenye urefu wa futi 300 na kimo cha futi 72. Ngome ya kulilinda ilikuwa imejengwa chini, vilima vikiizunguka. Hata nyapara wa gengi angeuliza ni nani aliyechagua mahali pale. Forrest alipandisha mizinga vilimani akaitwanga ngome kutoka juu. Kanali Lathrop wa Rejimenti ya 111 aliuawa humo ndani, ngome ikasalimu amri, daraja likachomwa moto.

Mateka weupe wengi walipelekwa gereza la Cahaba, huko huko Alabama. Baadhi yao, walipoachiliwa, walipandishwa meli Sultana, ambayo mitungi yake ya mvuke ililipuka karibu na Memphis Aprili 1865 ikaua zaidi ya watu elfu moja. Weusi walipelekwa mji wa bandari wa Mobile kuchimba mahandaki, na Oktoba majina yao, zaidi ya 500, yakachapishwa katika gazeti la mji ili waliokuwa mabwana zao waje kuwadai. Wewe Mhariri, unayejua ukurasa wa gazeti una thamani gani, fikiria ukurasa huo.

Mmoja wao, Joseph Howard wa Rejimenti ya 110, alitoa kiapo Januari 1865. Alisema walilishwa unga wa mahindi na nyama ya nyumbu. Aliyechelewa au asiyeelewa amri alichapwa viboko, na wenzao ndio walioamriwa kuwachapa. Desemba aliiba mtumbwi, akateremka nao Mto Mobile hadi ghubani, manowari ya Kaskazini ikamchukua.

Naomba mwandishi wenu alifute lile neno "nyepesi" katika toleo lijalo.

Mstaafu wa reli,
Voi