Usiitume hiyo ripoti kwanza

Chalii wangu,

Mambo vipi huko Moshi, shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku Sakina tuko poa ila baridi imekaza, asubuhi Meru hata hauonekani kwa mawingu. Mama anakusalimia sana, anauliza lini utapita.

Ripoti yako ya kingereza ya ile safari ya Kilimanjaro nimeisoma jana usiku. Nimeisoma mara mbili alafu nikakaa na simu mkononi nikitaka kukupigia muda ule ule, ila ilikuwa saa sita na najua umeshuka mlimani juzi tu, nikaona bora nikuandikie utulie usome. Kaka usiitume kwanza. Ina sentensi moja inaweza kumtoa mtu kazini.

Ni pale kambi ya Barafu. Umeandika "When the snow started, the porter left the camp." Mi najua ulichomaanisha kwa sababu ulinisimulia: Barafu hakuna maji, kwa njia ya Machame maji ya mwisho yako Karanga, ukamtuma yule kijana mpagazi ashuke mapema na madumu, theluji inaanza yeye yuko huko chini njiani. Sasa mtu wa ofisini ambaye hakuwepo akisoma hivyo ulivyoandika anaelewa kwamba theluji ilianza, kijana akaondoka. Yani kaona hali imechafuka kakimbia kaacha wageni. Na ndo maana wamekuomba ripoti, wanataka kujua nani alikuwa wapi saa ngapi, na huyo kijana hatakuwepo mezani kujieleza wakati wanaisoma.

Kinachokosekana ni had tu. "When the snow started, the porter had already left the camp." Theluji ilipoanza alikuwa ameshaondoka. Alafu chini yake ongeza "I had sent him down to Karanga for water" ijulikane ni wewe ulimtuma na ulimtuma kabla.

Najua kwa nini uliikwepa, had inakuchanganya toka shule. Tulikaririshwa majedwali, simpo pasti upande huu, pasti pafekti upande ule, tunanakili ubaoni na basi, na mi mpaka leo naumia kwamba hakuna aliyetuambia hii kitu tunayo kwenye Kiswahili na tunaitumia kila siku bila kukosea. Mtoto mdogo kabisa akikwambia "nilivyofika walikuwa wameshakula" hajafundishwa na mtu. Kuna jambo lililopita, alafu kuna jingine lililopita kabla ya hilo, na unamwonyesha anayekusikiliza lipi lilitangulia. Kwa hiyo ukikwama isimulie kwanza kwa Kiswahili kichwani, ikija alikuwa ame- au alikuwa amesha- weka had, ikija -li- au -ka- basi simpo pasti inatosha.

Hapo kwenye -ka- ndo nakuomba ufungue ukurasa wa pili, kwa sababu kule ilikohitajika umeikwepa na huku isikohitajika umeijaza. "We had woken up at eleven, we had drunk tea and we had started climbing at midnight." Hebu isimulie kama unavyomsimulia mtu kijiweni: tuliamka saa tano, tukanywa chai, saa sita tukaanza kupanda. Tukio linafuata tukio kwa mpangilio wake, hakuna kurudi nyuma. Andika tu "We woke up at eleven, drank tea and started climbing at midnight." Had inataka jambo lingine lililopita la kuliegemea, ukiizidisha hivyo msomaji anabaki anasubiri hilo jambo na haliji. Kuanzia Barafu mpaka Stella Point mpaka kileleni Uhuru, mita 5,895, umeenda na had mstari kwa mstari. Zitoe zote, bakisha pale tu unaporudi nyuma kueleza kitu, kama ile ya mgeni kwamba alikuwa ameshaanza kuumwa kichwa toka Karanga. Hiyo iache, na ni muhimu sana, maana inaonyesha dalili zilikuwepo kabla hamjafika Barafu.

Sasa hiki kipimo changu kina sehemu kinadanganya, usije ukanilaumu. Vitenzi kama kulala, kukaa, kusimama, kuchoka, kuvaa. Ukisema mgeni alikuwa amekaa kwenye jiwe, kwa Kiswahili ina -me- lakini unachoeleza ni hali aliyokuwa nayo muda ule, so kingereza chake ni "was sitting", sio "had sat" kama ulivyoweka. Alikuwa amevaa koti jekundu ni "was wearing". Alikuwa amelala, mara nyingi ni "was asleep". Jiulize kama ni tendo lililokwisha au ni hali iliyokuwa inaendelea, ukijibu hilo umemaliza.

Vingine vidogo. Ukitumia before au after mpangilio umeshajulikana, had unaweza kuiacha na sentensi ikawa sawa kabisa, "The porter left before the snow started" haina shida hata mwenye kingereza chake angeandika hivyo. Na mwishoni pale sio "had went", ni "had gone", baada ya had inakuja ile fomu ya tatu. Uzuri wake had haibadiliki, I had, she had, they had, sio kama have na has.

Rekebisha leo unitumie tena kwa Wotsapu, niko macho mpaka saa tano usiku, tuipitie mstari kwa mstari kwenye simu ikibidi, vocha ninayo. Na kabla hujaipeleka ofisini mkalishe huyo kijana umsomee kwa Kiswahili ulichoandika juu yake, akubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kama muda aliotoka kambini anaukumbuka uweke pia.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi wako wa Sakina