Risala ya Wahitimu wa Fani ya Umeme wa Viwandani kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi chini ya turubai hili, jua lenyewe likiwa hivi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafunzo kwa vitendo tuliyafanyia kwenye viwanda vya samaki. Huko tulifunga sensa za kupima maji na ubaridi wa vyumba vya kuhifadhia minofu, pamoja na vifaa vinavyobadili kasi ya pampu kulingana na kazi iliyopo. Kwa mtindo wa zamani pampu huzunguka kwa nguvu zote, kisha maji yanabanwa na valvu. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Pampu ya kuzungushia maji ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, umeme wake unaweza kushuka hadi karibu nusu. Mwalimu alituandikia hesabu hiyo ubaoni, tukabisha, hadi tulipoisoma wenyewe kwenye mita. Na kiwanda kinachotumia maji kwa kipimo humwaga majitaka machache. Damu na mabaki ya samaki yakiingia ziwani ni mbolea kwa magugu maji.

Kuna jambo moja lilitutatiza. Mashine ya kompyuta ikikata minofu kwa usahihi zaidi, nyama inayobaki kwenye panki, yaani kichwa na mifupa ya samaki aliyeondolewa minofu, hupungua. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni faida. Kwa mama anayekaanga mapanki, na mteja wake asiyemudu sangara, ni kitoweo kilichopungua. Na dada aliyezoea kukata kwa kisu? Kitabu cha mashine kina kurasa za umeme na maji, hao hawamo.

Kwa hiyo tunaomba utufikishie ujumbe kwa wenye viwanda: mtambo mpya ukija, wafanyakazi waliopo ndio wafundishwe kwanza kuuendesha na kuutunza. Vipimo vya majitaka navyo vibandikwe mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wavuvi wavisome.

Karakana yetu ina kifaa kimoja tu cha kufundishia mitambo inayojiendesha, tunakipangia foleni, na umeme ukikatika zamu imekwenda. Tukipata cha pili, wadogo zetu watashukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.